Waya Niliofungia Dumu la Maziwa

Niliondoka Bura kwa sababu ya mjukuu wangu, Hodan. Ofisi moja ya maji Garissa ilimwita aonyeshe ramani yake ya visima na malambo ya kwetu. Ikiwapendeza, kazi ni yake. Ameichora yote kwa simu, maana kompyuta hana. Majina ya visima nilimtajia mimi, kimoja kimoja. Sasa ningebakije nyumbani?

Alfajiri tulipanda gari la maziwa. Barabara ni mashimo matupu, na kifuniko cha dumu langu kikaanza kulegea. Hodan alikuwa amelala begani mwangu. Nikapapasa mfuko wake, nikapata kamba nyeusi, imara, nikakifunga. Halikumwagika hata tone.

Saa tatu tuliingia Garissa. Dumu nililiacha sokoni kwa Habiba, binti wa dada yangu, anayeuza maziwa.

Ofisini, mama aliye mkuu wa pale aliuliza kompyuta iko wapi. Hodan akaweka simu mezani, akakunjua kibodi yake, akaomba atumie televisheni ya ukutani. Kisha akatia mkono mfukoni. Akatoa. Akatia tena.

"Ayeeyo, bibi yangu, umeona waya wangu mweusi?"

Kumbe ndiyo ile kamba niliyofungia dumu! Bibi mzima, nikatamani ardhi inimeze.

Mama yule alitupa nusu saa. Magoti yangu ni mabovu lakini siku hiyo yalinitii hadi sokoni. Nilimkuta Habiba ameshamfunga mbuzi kwa waya ule.

"Habaryar, mama mdogo, hii kamba yako ni nzuri," akasema.

"Si kamba. Ni kazi ya Hodan. Fungua."

Niliufuta kwa mtandio njia nzima ya kurudi ofisini. Hodan akachomeka upande mmoja kwenye simu, mwingine kwenye televisheni, na ukuta ukawa kompyuta. Akachapa, akafungua ramani: eneo letu lote la Fafi, pana kama mkeka. Mama wa ofisi akaonyesha kisima kimoja kisicho na jina. Hodan akanigeukia.

"Hicho sikukutajia," nikasema. "Huniuma. Ni Ceel Dheer, Kisima Kirefu. Hapo nilimzaa mama yako, na hapo nilimzika."

Akaliandika polepole, herufi kwa herufi. Mama wa ofisi akamwuliza Hodan anaweza kuanza lini.

Jioni tulichukua dumu kwa Habiba, tukarudi Bura, kifuniko nimekishika kwa mkono. Nimejifunza kuuliza kabla ya kufunga. Hodan alilala tena begani mwangu, simu kifuani, na ndani yake maji yetu yote.