Mfereji Uliofungwa Leso

Juzi nilimwona jirani akiuvisha mfereji wake wa maji, ule wa ukutani nje, kifuniko cha sponji kabla baridi haijaanza, na wivu wa zamani ukanipanda.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Nechells, mtaa wa ughaibuni wenye majira ya baridi kali. Alasiri moja Mama alirudi kutoka kazini, alikokuwa akitunza wazee, akatoa sandukuni leso aliyonibebea nilipokuwa mchanga. Bado ilinukia mafuta ya mtoto. Nikafurahi, nikidhani anataka kunibeba.

Akanipita. Alitoka akaenda uani, akachutama mbele ya mfereji, akauzungushia ile leso taratibu na kuikaza kwa fundo lile lile alilokuwa akifunga kifuani aliponibeba.

"Sasa hutashikwa na baridi," akauambia.

Mfereji ulikuwa ukidondosha maji kama mtoto mwenye kamasi. Niliuchukia papo hapo. Sikujua kwamba maji yakiganda hupasua bomba. Mama mwenyewe alikuwa amesikia hivyo kazini siku hiyo hiyo, na njia ya kukinga kitu na baridi aliijua moja tu.

Nikavua sweta, nikaenda kusimama kando ya mfereji.

"We Wanjiru, unataka kuugua?"

"Ndiyo. Unifunge na mimi."

Mama alicheka hadi akaketi kizingitini. Kisha akainama, akanigeuzia mgongo. "Haya, panda."

Nilikuwa mkubwa, miguu ikimning'inia hadi magotini, naye akanishikilia kwa mikono kwa sababu hakuwa na leso nyingine. Mgongo niliupata. Leso ilibaki nje na mfereji, na hilo sijalisamehe mpaka leo.