Maji ya Jumamosi

Nimechoka kusikia watu wakisema kwamba zamani zile hapa Likasi hakuna aliyejua habari ya maji. Wanasema hivyo wameketi vizuri, glasi ya maji mkononi. Ni uongo. Tulijua, na tulikuwa na daftari. Niliandika mimi, kwa mkono wangu. Ndani yake hamkuwa na neno hata moja la kubuni, na bado lilikuwa daftari la uongo.

Nilikuwa msaidizi katika maabara ya kiwanda cha shaba cha Kampuni. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, nilivaa koti jeupe, na familia yangu ilikaa katika nyumba ya kambi yenye robine ya maji uani. Ng'ambo ya reli kulikuwa na mtaa wa watu wasio wa Kampuni. Wao hawakuwa na robine. Walichota kisimani, na kazi nyingine zote walizifanya katika kijito kilichopita nyuma ya ukuta wa kiwanda: kufua, kumwagilia mboga, kuloweka mihogo.

Mjane mmoja alihamia huko. Mumewe alifanya kazi kiwandani kwetu miaka mingi, na alipokufa mama huyo alipewa siku chache tu za kutoka katika nyumba ya kambi. Nilisaidia kubeba kitanda chake. Nilimwonea huruma, lakini zaidi niliogopa. Nilikuwa nikitazama watoto wangu wamesimama mlangoni kwangu.

Yeye ndiye aliyeanzisha habari ya maji. Siku moja baada ya misa alinitolea muhogo kwenye kitambaa.

"Baba, bonyeza."

Nikabonyeza. Muhogo uliolowekwa siku nne huingia kidole. Ule ulikuwa mgumu kama ubao, na pembeni umeshika rangi ya kijani.

"Mayi inakataa mihogo yangu," akasema. "Bampe mutaa wetu robine. Bomba yenu inapita pale ku njia, minye naiona kila siku."

Tukawa kikundi cha watu watano: mjane, wanawake wawili jirani zake, fundi mmoja wa reli aliyependa utani, na mimi. Hakuna aliyetutuma wala kutulipa. Tuliamua kupima kijito mwaka mzima, tuandike kila kitu, kisha tupeleke daftari kwa wakubwa na kuomba robine moja. Mimi nilileta vikaratasi vya maabara, vile vinavyogeuka vyekundu vikikuta asidi. Nilivichukua bila kuomba ruhusa. Wanawake walisikiliza vyura na kuwatafuta samaki wadogo chini ya mawe. Fundi wa reli aliniita daktari, na kijito akakiita mgonjwa wangu.

"Dokotere, mugonjwa wetu iko namna gani leo?"

"Iko muzima."

"Umupige sindano vilevile, asituzoee!"

Swali lilikuwa siku gani ya kupima. Hapo ndipo kosa langu linapoanza, na sitambebesha mtu mwingine. Siku zile kila Jumamosi asubuhi ilikuwa Salongo, kazi ya bure ya lazima kwa ajili ya taifa. Kila mtu alitoka na jembe au panga kufyeka na kuzibua mitaro. Ukionekana kijitoni Jumamosi, ulikuwa raia mwema. Ukionekana huko siku nyingine karibu na ukuta wa kiwanda, mlinzi angekuuliza unatafuta nini. Nikasema: tupime Jumamosi. Wote wakaona ni akili ya mtu aliyesoma.

Lakini mimi nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Matangi ya kiwanda yalioshwa Jumatano, na maji ya kuoshea, yenye asidi, yalipita chini ya ukuta yakaingia kijitoni. Niliyaona kila wiki. Kufikia Jumamosi kijito kilikuwa kimekwisha kuyasukuma mbali. Nilijiambia kwamba asidi huacha alama, kwamba karatasi itaonyesha tu. Nilijidanganya. Nilitaka kuwa mtu mwema na nilitaka pia nisikute kitu.

Basi, Jumamosi baada ya Jumamosi, niliandika: karatasi haikubadilika, harufu hakuna, vyura wachache. Mjane hakujua kuandika, ila alijua kuhesabu siku kama sisi sote tunavyozihesabu hapa, kwa kazi: Jumatatu ni kazi moja, Jumatano ni kazi tatu, na Jumamosi ni siku ya posho.

"Baba," akaniambia, "mayi ya posho na mayi ya kazi tatu si moja. Mihogo ya posho inalainika. Ya kazi tatu inakataa. Andika ile."

"Mama, tunaandika tunachopima."

Nilimjibu hivyo. Nasikia aibu mpaka leo kwa jinsi nilivyolisema, kama mwalimu.

Mwaka ulipokwisha tulipeleka daftari, tukaitwa katika ukumbi wa mtaa. Tuliimba na kupiga makofi kwa heshima ya Chama, kisha injinia wa Kampuni akasimama, mzaliwa wa hapa hapa kama sisi, kola ya abakosi, suti ile isiyo na tai, imenyooka shingoni. Alikuwa amelisoma daftari. Alilisifu! Akasoma kurasa kwa sauti, Jumamosi moja hadi nyingine, maji mazuri, maji mazuri, kisha akalifunga, akatuita raia kama ilivyokuwa amri siku zile.

"Basitwayen, ninyi wenyewe mumeandika. Mayi iko safi. Robine ya nini?"

Mjane akainuka. Alifungua kitambaa chake, na mara hii hakikuwa na muhogo. Kilikuwa na msumari uliopakwa mafuta ya mawese usishike kutu. Alikuwa ameufunga kamba na kuutumbukiza kijitoni tangu kazi moja mpaka kazi tano, bila kutuambia. Mumewe alimfundisha: kiwandani, chuma kikilala katika maji yenye shaba, chuma huivaa shaba kama nguo. Injinia akauchukua, akaupangusa kwa leso. Msumari ulikuwa mwekundu, ule wekundu laini ambao mtoto yeyote wa Likasi anaujua kabla hajajua kusoma.

Injinia akanitafuta kwa macho.

"Sitwayen, weye njo uko mu laboratwari yetu, shi vile? Na hivi vikaratasi vya kupima, nazani vilitoka kwetu." Alitabasamu. "Basi utusaidie. Hii ni shaba ao ni kutu?"

Niliiona nyumba yangu. Nilikiona kitanda cha mjane kikivuka reli, na changu nyuma yake.

"Ni kutu, sitwayen injinia."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Wengine wakatazama miguu yao. Watu walioshika shaba maisha yao yote, baba zao wakiishika kabla yao, na hakuna aliyesema kitu! Nawakasirikia mpaka sasa, kisha nakumbuka kwamba neno lilitoka kinywani mwangu, wao walilimeza tu.

Mjane hakulia wala kunitukana. Alinyoosha mkono.

"Basi unirudishie musumari yangu."

Injinia akautia mfukoni.

"Haizuru," mama akasema. "Minye iko na ingine."

Nje, fundi wa reli hakunitania. Afadhali angenitania. Alivuka barabara, na toka siku ile akaniita kwa cheo changu cha kazini.

Robine haikuja. Mjane aliendelea kutumbukiza misumari peke yake, na kila msumari akaugongomea kwenye mwimo wa mlango wake, karibu karibu, inang'aa kwa mawese. Nikipita kwenda kanisani nilitembea upande wa pili wa njia. Kampuni ilinipandisha daraja. Nilikubali.

Halafu nikastaafu, na kwa kuwa nyumba ya kambi ni ya mfanyakazi, tulipewa siku chache za kutoka. Nyumba tuliyoipata ilikuwa ng'ambo ya reli. Watu wawili walikuja kubeba kitanda, hakuna aliyenisalimia kwa jina la utani.

Wiki ya kwanza mke wangu alikwenda kijitoni kuloweka mihogo. Aliporudi alisema kwamba bibi mmoja mzee, mwenye nyumba ya misumari, alimwita na kumwambia jambo la ajabu.

"Kasema: kazi tatu usiache mihogo mu mayi. Uitoshe kazi mbili mangaribi. Njo kusema nini?"

Mjane hakuniagizia salamu. Alimwonya mke wangu tu aitoe mihogo kabla ya maji ya Jumatano, kama anavyomwonya kila mgeni wa mtaa.

Nilimweleza mke wangu yote, tangu Jumamosi ya kwanza mpaka neno lile la ukumbini. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza aliuliza leo ni siku gani.

"Kazi mbili," nikasema.

Akachukua beseni, akatoka kwenda kuitoa mihogo yetu majini.