Makaa ya Mjomba

Mjomba wangu, fundi wa maabara, alipika makaa miaka kumi na moja, na si ya kuchomea nyama. Alichoma vifuu vya nazi kwenye tanuri, akavichanganya na dawa kali, akavichoma tena, akaosha, akasaga, hadi akapata unga mweusi wenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Vitundu hivyo vilitakiwa kushika gesi ya haidrojeni, ili gari liibebe ya kutosha bila tangi zito. Mimi, mpwa wake, aliniingiza kazini nimwandikie vipimo.

Kupima kulikuwa rahisi. Unga unaingia kwenye chombo cha chuma, gesi inafuata, nati inafungwa, kisha unatazama mshale wa shinikizo. Ukishuka, makaa yamekunywa. Yake yalikunywa kuliko ya mtu yeyote, na mwezi uliofuata yangewekwa kwenye gari la kwanza la majaribio. Mzee akavimba kichwa. Sisi wengine tulipaka nati povu la sabuni kuona kama gesi inavuja, yeye hakutaka.

"Sabuni ni ya wasiojua kufunga," alisema, na huyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Jumatatu moja nilisahau kutia unga. Chombo kitupu kabisa, na mshale ukashuka vile vile.

Nilimwambia Mjomba. Alichukua sabuni mwenyewe. Mapovu yakatoka kwenye nati yake, madogo madogo, bila haya.

Nyumbani mkewe alimsihi. "Baba watoto, funika kombe mwanaharamu apite. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu."

"Gari litabeba watu, mama," alijibu.

Asubuhi akamweleza mkuu wa maabara kila kitu, hakumsingizia mtu. Nilimpenda sana siku hiyo, na hasira nilikuwa nazo pia. Miaka kumi na moja, kwa kipande cha sabuni!

Mkuu alitaka turudie mbele yake. Tukatia unga wake bora kabisa, tukajaza gesi, tukafunga kwa nati mpya, tukapaka povu, hakuna kilichovuja. Mjomba alisimama mikono nyuma. Saa ya kwanza mshale ulishuka upana wa unywele. Saa ya tatu ulikuwa pale pale.

"Joto limezidi," Mjomba alisema. "Makaa hayashiki gesi kwenye joto. Mpwa wangu, andika hivyo."

Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na sote tulikuwa tumevaa masweta. Mkuu alitazama sakafu.

Niliandika.