Moshi wa Matari

Zaida Cassamo hakuuchukua ufunguo wa ukumbi kwa mapenzi ya ngoma. Watu wa Palma walisema hivyo, naye akawaachia waseme. Yeye alikuwa muuza chumvi, samaki wakavu na vitumbua, na baraza ya ukumbi ule ndiyo iliyokuwa mahali pekee mjini ambapo watu walikaa wakiwa na njaa na furaha kwa pamoja.

Ukumbi ulikuwa wa serikali: wa harusi, wa ngoma, na wa vijana wa mpira kuvalia jezi zao. Mtunzaji wake alilipwa na ofisi ya shefi, mkuu wa serikali mjini. Vita vya kuwatoa Wareno vilipoingia mwaka wa pili, na vijana wengi wamekwisha kuvuka mto Ruvuma kujiunga na wapiganaji, ofisi ikamwondoa mtunzaji na kutangaza kwamba ukumbi utafungwa. Askari wa Kireno nao walishaupima kwa macho, wapate pa kuwekea magunia yao. Ndipo akina mama wa kikundi cha tufo, ngoma ya wanawake ya matari, na wachezaji wa mpira waliposema wataufagia, wataupaka chokaa na kuuendesha wenyewe, bila malipo.

Shefi akataka jina la mtu mmoja. "Kukitokea uchochezi humo ndani," alisema, "nijue wa kumshika."

Akina mama wakatazamana. Zaida akanyoosha mkono, akapokea ufunguo, na tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa kuibia.

Kazi yenyewe haikumsumbua. Fátima na wenzake wa tufo walifagia, vijana walichota maji. Kilichomla ni mlango. Kila ngoma ilipopigwa alisimama pale na sinia lake, akizitazama sura za wageni. Kuna mgeni aliyekuwa akipeleka habari kwa shefi, na kuna aliyekuwa akizipeleka kwa wapiganaji msituni, na wote wawili walikula vitumbua kwa namna moja.

Ijumaa moja, baada ya sala, palikuwa na harusi ya binti wa Ancha. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ngozi za matari zililegea zote. Tari lililolegea halilii. Lazima liote moto mpaka ngozi ikaze. Kazi hiyo ilikuwa ya Issufo, mdogo wake Zaida, nyuma ya ukumbi. Siku zote alitumia makumbi makavu ya nazi. Siku ile makumbi yalikuwa mabichi kwa mvua, na yeye, kwa haraka ya harusi, akayatia hivyo hivyo.

Moshi ukapanda mzito, ukapita vichwa vya minazi.

"We Issufo!" Ancha alimpigia kelele dirishani. "Unakaza matari au unakausha papa?"

"Shangazi, kama bwana harusi ana haraka, aje apulize mwenyewe!"

Wanawake walikuwa bado wanacheka askari walipoingia uani. Mkalimani wao alikuwa sipai Ernesto, askari wa Kiafrika wa serikali, Mmakonde aliyeshuka kutoka bara.

"Wanasema kwa moshi huu unawaonyesha watu wa msituni pa kutua na mashua zao," Ernesto alimwambia Issufo, macho chini.

Wakamfunga mikono, wakamchukua. Asubuhi yake lori la jeshi lilikuwa liende Mocímboa, na waliopanda lori lile hawakuwa wakirudi kusimulia.

"Wapelekee ufunguo, dada," Fátima alilia. "Wachukue ukumbi wao, watupe mtu wetu."

"Nikianza na ufunguo, nitamaliza na nini?" Zaida alijibu. Akachukua tari moja lililolegea, akaenda kambini. Njiani alitembea kama mtu anayekwenda kudai mzigo wake.

Kapiteni wa Kireno alikuwa mezani, Ernesto kando yake. Zaida akaweka tari mbele yake.

"Mwambie alipige," alimwambia Ernesto.

Kapiteni akaligonga kwa vidole. Likatoa sauti ya gunia. "Umekuja kunifundisha ngoma?" alisema kwa kinywa cha Ernesto.

"Nimekuja kuomba moto wako, bwana. Moshi ule ulikuwa wa kukazia haya. Toka leo matari yote yatakazwa hapa, uani kwako, kwa kuni zako kavu, walinzi wako wakitazama. Ukumbini hutaona moshi tena."

"Nikiuchukua ukumbi, moshi utakwisha pia."

"Utakwisha. Na mechi ya Jumapili, askari wako watacheza na nani? Vijana wa mji hawatatia mguu uwanjani kama hawana pa kuvalia. Jumapili ile ya mvua, bila mechi, vijana wako walikunywa mpaka wakapigana wao kwa wao. Mji mzima ulisikia."

Ernesto akasita. "Na hilo nitafsiri, mama?"

"Litafsiri, mwanangu. Ndilo nililolijia."

Kapiteni akaligeuza tari mezani. Kisha akaagiza Issufo aletwe. Alitoka na mdomo umevimba. Wakamwashia kuni, wakampa tari. Alilishikilia motoni hata likakaribia kuungua. Lilipoitika, kapiteni akaligonga mara ya pili, akatikisa kichwa kukubali.

"Utayaleta wewe mwenyewe," alimwambia Zaida. "Si mwingine."

Harusi ikachezwa, ukumbi ukabaki wazi. Lakini Ijumaa iliyofuata, Zaida akifunga sinia lake barazani, mgeni mmoja aliyekuwa amenunua vitumbua akamuuliza kwa upole, "Mama, nasikia siku hizi kambini unaingia kwa mlango wa mbele?"

"Naenda kukaza matari. Umeona mwenyewe yalivyolegea."

"Tunajua unakokwenda." Akaviacha vitumbua bila kuviuma, akaondoka.

Hao "sisi" ni nani, wa shefi au wa msituni, Zaida hakuuliza. Fátima alikwisha kusema hagusi tari la kupelekwa kambini, na wenzake vivyo hivyo.

"Tupite nyuma ya visima," Issufo alinong'ona. "Hakuna atakayetuona."

"Ndiyo maana hatupiti huko. Wakituona tunajificha, wataamini chochote."

Akajitwika matari, akashika barabara kubwa ya kambini, katikati ya soko, akiwaamkia watu kwa majina yao. Wengine waliitikia.