Uso wa Mwalimu Wangu

Mjane wa mwalimu alipoanza kunieleza alichoniitia, nilidhani anataka niandike msalaba wa kaburi. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Mbale: mabango, milango ya maduka, ubavu wa malori. Kumbe alitaka nimchoree uso wa marehemu.

"Picha ninayo ya kitambulisho," alisema, "lakini pale anaonekana kama mtu aliyekamatwa na polisi. Wewe ulikuwa mwanafunzi wake. Mchore anavyofanana."

Nimlaumu nani? Mimi sichori nyuso. Mtaa wetu wote wa Namakwekwe wanajua. Ukiniletea kazi ya saloni, nitakuchorea mwanamke mwenye nywele zilizosukwa mpaka utatamani kuzishika, lakini utamwona kisogo. Mama mmoja Mkenya, muuza mitumba, hunitania kila akipita: "Hawa wateja wa saloni wamekukosea nini, mbona wote wamekupa mgongo?" Namwambia aende zake.

Chanzo ni baba yangu. Tulikaa Masese, kando ya ziwa pale Jinja, baba akiuza samaki, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku aliyoona nimechora uso wa shangazi kwenye karatasi ya kufungia samaki, aliichana, kesho yake akaja shuleni Jinja. Alimwambia mwalimu wa sanaa mbele ya darasa zima kwamba binti yake ni Mwislamu, asichore kiumbe chenye macho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu alikuwa Mkristo, angeweza kubishana. Alisema tu, "Sawa, mzee, nimesikia."

Baba alipoondoka, mwalimu alitutangazia kwamba kuanzia siku hiyo hakuna wa kuchora uso. Darasa zima! Tutachora watu kwa nyuma. Wavulana walinung'unika, mmoja akauliza kwa nini wote wateseke kwa sababu ya mtu mmoja. Mwalimu alimjibu kwamba mgongo ni mgumu kuliko uso, na asiyeuweza aseme. Akasimama akitazama ubao, akafundisha kipindi kizima vile vile, sisi tukimchora. Hakugeuka hata alipopiga chafya. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Rangi zilipokwisha alileta zake kutoka nyumbani, na brashi nzuri alikuwa akinipa mimi, akisema ile nyingine imezoea mkono wake.

Ndiyo maana nilichanganyikiwa pale kwa mjane, mtaa wa Nabuyonga, kikombe cha chai mkononi. Ukiniuliza shati la mwalimu lilikuwa limeshonwa wapi begani, nitakwambia. Sikio lake la kushoto nalijua. Lakini uso? Nilifumba macho kuutafuta, wallahi sikuupata. Mtu aliyenipa riziki yangu, nikutane naye hata sokoni hapa Mbale baada ya yeye kustaafu, tusalimiane, tucheke, halafu amekufa na sikumbuki pua yake ilikaaje! Nilijisikia mjinga. Na hata kama ningeukumbuka, baba alishakataza. Alikuwa amefariki zamani, lakini katazo lake bado lilikuwa hai kuliko mimi.

"Mama, nisamehe," nilisema mwishowe. "Siwezi. Kwetu dini hairuhusu. Baba yangu alikataza."

Mjane alinitazama sana, kama anayepima aseme au asiseme.

"Baba yako wa Masese?" akauliza. "Yule mwenye kovu kidevuni?"

Akaingia chumbani, akatoka na ubao mwembamba uliofungwa kwa kanga. Akaufungua, akauweka magotini mwangu. Juu yake alikuwa amechorwa baba. Macho, kovu, kofia yake nyeupe iliyopauka. Na alikuwa anacheka mpaka pengo la jino linaonekana.

Sikuelewa. Nilimwambia huyu si yeye. Nilisema mwalimu alibuni. Mjane akatikisa kichwa.

"Alikuwa akija kwetu Jumapili, tulipokuwa Jinja, akimaliza kuuza. Anatuletea samaki wawili, ngege, anakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Chai nilimpikia mimi mwenyewe. Aliomba yeye achorwe, mwanangu. Mwalimu alikataa kwanza, akamuuliza, 'Na yule mtoto je, mzee?' Baba yako akasema, 'Yule ni mtoto, nisimtie dhambini. Mimi nitajibu mwenyewe kwa Mungu.' Akaomba pia usiambiwe."

Mungu wangu. Mimi nakua nachora visogo, na yeye amekaa dirishani kwa watu, anachorwa! Nilitaka kuutupa ule ubao. Wakati huo huo nilikuwa naipapasa ile kofia kwa kidole. Nikauliza alikuwa anachekea nini, maana nyumbani hatukuwahi kumwona hivyo, hata siku ya Idi.

"Wewe," alisema mjane. "Kila akija swali lake ni moja: mtoto anaweza? Siku hiyo mwalimu akamwambia, mzee, tangu nianze kufundisha sijaona mkono kama huo. Ndipo akacheka. Mwalimu akamwambia asisogee."

Nililia mpaka chai ikapoa. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikisubiri mmoja wao aniambie neno hilo. Mwalimu aliniambia tu "endelea", baba hata hilo hakusema.

Mjane akauliza kwa upole, "Sasa mwalimu wako utamchora?"

"Niletee hicho kitambulisho," nilimwambia, kwa sauti kali asiyostahili yeye. Na hasira yenyewe sikujua namwelekezea nani kati ya wale wanaume wawili waliokaa wakanisifu mlango wameufunga, mimi nisisikie.