Mabomba Kumi na Moja

Mwanangu, asubuhi niliyoondoka Puge sikuwa na safari. Niliamka, nikafunga shati na blanketi kwenye kiroba, nikatoka kabla shangazi hajaniuliza ninakwenda wapi, maana nisingekuwa na jibu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Si kwamba masomo yalinishinda. Nilichoka kukaa kwenye dawati lile lile nikitazama malori yanapita dirishani, nisijue yanaishia wapi.

Lori la kwanza lililosimama lilikuwa linakwenda Tabora mjini. Pale mjini nikapanda treni kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa inaondoka, na Goweko nikashuka kwa sababu ya moshi. Niliuona dirishani, unafuka kutoka kwenye majengo marefu ya udongo yasiyo na madirisha, nikataka kujua kinachopikwa humo. Nikaambiwa ni mabani ya kukaushia tumbaku. Nilitembea hadi kijiji kimoja cha wakulima, mzee mmoja aitwaye Shija akanipa kazi ya kuchochea moto wa bani lake, na mahali pa kulala.

Banini wanaume huongea sana, kwa kuwa moto hauachwi peke yake. Waliongea mvua, mpira, wanawake, na zaidi ya yote waliongea kisima cha serikali. Kisima hicho kilikuwa kando ya shule, kina pampu ya mkono na kibao kilichoandikwa "Mita 60". "Hakijawahi kutoa hata tone," alisema Mzee Shija, na wenzake wakaitikia. Mimi nilipenda habari kuliko chakula. Nikaichukua hiyo kama ilivyo.

Haikupita wiki mbili akaja mbunge wa upinzani, mama mmoja wa viti maalumu. Watu walimwita Mama Swali, kwa kuwa bungeni alikuwa haketi kabla hajauliza. Alifanya mkutano uwanja wa shule. Baadhi ya wazee walisimama mbali, mikono nyuma, wakinong'ona kwamba hawa wapinzani kazi yao kelele tu. Mama Swali hakujali. Alifungua daftari akauliza, "Hicho kisima pale kinafanya kazi au ni pambo?"

Ndipo mimi, mgeni wa wiki mbili, nikasimama. "Mheshimiwa, hakijawahi kutoa hata tone! Tangu kichimbwe!"

Wanaume wakapiga makofi. Wanawake waliokaa upande wa pili walitazamana, lakini sikuwajali. Mama Swali akaandika maneno yangu neno kwa neno, akasema atayafikisha bungeni. Jioni hiyo nilitembea kama mtu aliyeoa.

Kesho yake mchana kiu ikanishika njiani, nikabisha hodi kwa Bibi Kalunde. Alikuwa mjane, mfupi, na sauti yake ilisikika hadi kwa jirani hata akisema polepole.

"Shikamoo, bibi. Naomba maji ya kunywa."

"Marahaba, mheshimiwa."

"Mimi si mheshimiwa, bibi."

"Jana ulihutubia. Kunywa." Akanipa kata imejaa. Maji yalikuwa baridi, safi, hayana tope. Nilipomaliza akaniuliza, "Matamu?"

"Matamu sana."

"Nimeyachota leo asubuhi. Kwenye kile kisima ulichokiua jana mbele ya watu."

Mwanangu, nilitamani kurudisha maji yale kwenye mtungi. Nikaanza kujitetea, kwamba nimeambiwa na wenyeji, watu wazima, wenye nyumba zao.

"Wapi?"

"Banini."

"Na kati ya hao wa banini, nani anachota maji?"

Nikawapitia mmoja mmoja kichwani. Hapakuwa na hata mmoja. Kule kwetu mwanaume akionekana na ndoo kichwani watu huuliza kama mkewe anaumwa. Nilikuwa nimeuliza habari za maji kwa watu wanaoletewa maji.

Bibi Kalunde hakupandisha sauti. Alinieleza kama mtu anayepanga kuni. Kisima kile kinatoa maji masika yote. Ikifika mwezi wa nane kinakauka kabisa, na kuanzia hapo wanawake huenda lamboni, kwenye bwawa la mifugo, mwendo wa asubuhi nzima, kugombea tope na ng'ombe. Mwaka uliopita mkwewe mjamzito alianguka njiani na ndoo. Mtoto hakupona.

"Sasa sikiliza. Yule mama akisimama bungeni aseme hakijatoa hata tone, serikali itatuma mtu na kamera mwezi huu. Atapiga pampu, maji yatatoka, tutaonekana waongo sote. Yeye atachekwa. Na sisi hakuna atakayetusikiliza tena. Umeona ulichofanya na mdomo wako?"

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini safari hii, kwa nini kinakauka.

Akainuka, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kichanja chake cha mahindi kilikuwa kimesimama juu ya nguzo mbili za mti na mbili za bomba nene la plastiki, rangi ya bluu.

"Hayo yalitakiwa yawe ardhini," alisema. "Walichimba wakati wa masika. Lori lao lilikwama kwenye tope la mbugani, wakatuomba wanawake tuwabebee mabomba. Kila bomba lilibebwa na wanawake wawili. Walibeba wanawake ishirini na wawili, kila mmoja mara moja, mimi nikawapikia wachimbaji ugali. Maji yakaonekana mapema kwa kuwa mbuga yote ilikuwa imeloa. Basi, wakafurahi, wakafunga kazi. Yaliyobebwa yote yakashuka shimoni; yaliyobaki kwenye lori yakarudi nalo, ila haya mawili wakaniachia kwa shukrani ya ugali. Hesabu mwenyewe. Bomba moja ni mita tatu."

Nikahesabu. Hesabu za darasa la tano zilitosha. Mita sitini zinataka mabomba ishirini. Yaliyoshuka ni kumi na moja. Kibao kilisema sitini, ardhi ilikuwa na thelathini na tatu.

"Bibi, kwa nini jana hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nilizunguka siku ile nyumba kwa nyumba. Wanawake walinicheka kwanza. "Leo umeanza kupenda habari za jikoni?" mmoja alinitania. Lakini walinieleza: nani alibeba na nani, nani aliteleza, nani alikuwa na mtoto mgongoni. Walikuwa wakimtaja Bibi Kalunde kama shahidi, naye akinitaja mimi kama mwanafunzi wake mzito. Nikaandika majina ishirini na mawili. Hakuna lililopungua.

Siku iliyofuata nikadandia lori la magunia hadi mjini. Mama Swali alikuwa bado Tabora, nyumba moja ya wageni karibu na stesheni, anakunywa chai akisubiri treni ya Dodoma. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilipofika mbele yake yakanitoka mawili tu: "Mheshimiwa, nimekudanganya."

Akaweka kikombe chini. Nilimweleza yote, pamoja na kata ya maji, nikampa na orodha ya majina. Nilidhani atanifukuza. Alichana ukurasa wa daftari wenye maneno yangu, akaukunja, akanipa. "Kaa nao," alisema. "Ukitaka kusimama tena mkutanoni, usome kwanza." Kisha akaagiza chai ya pili, yangu, akanifundisha jambo ambalo shule haikunifundisha. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi, na serikali huandaa jibu lake mapema. Ila swali la nyongeza huulizwa papo hapo, na anayejibu hana pa kujificha. "La msingi nitauliza kwa upole," alisema. "Mabomba yako tutayaweka kwenye nyongeza."

Siku ya swali tulijaa uani kwa Bibi Kalunde, redio juu ya kinu. Mzee Shija alikuja, na wale wazee wa mikono nyuma nao walikuja, wakajifanya wanapita. Naibu Waziri akajibu kwa sauti ya kutulia: kisima kimechimbwa mita sitini, kimekamilika, kinatoa maji safi na salama.

"Mwongo!" akapiga kelele Mzee Shija.

"Nyamaza, hujawahi kuchota," akasema Bibi.

Kisha ikaja sauti ya Mama Swali. "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nakubali kwamba kisima kinatoa maji. Nina maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, kisima cha mita sitini kinahitaji mabomba ishirini. Wanawake ishirini na wawili wa kijiji kile walibeba mabomba kumi na moja kwa mikono yao, na majina yao ninayo hapa. Je, tisa yako wapi? La pili, je, Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kwenda nami mwezi wa tisa, apige pampu mwenyewe, na akikosa maji aje aone mabomba mawili ya serikali yaliyobeba mahindi ya bibi mmoja?"

Bunge likacheka, pande zote. Meza zikapigwa. Halafu tukasikia karatasi zikifunuliwa. "Mheshimiwa Spika," akasema Naibu Waziri, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo, "nikiri kwamba taarifa niliyopewa haina maelezo hayo. Nitakwenda."

Vigelegele vya uani pale nadhani vilifika stesheni. Bibi Kalunde hakupiga kigelegele. Aliketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika, na mkwewe akaja kumkumbatia.

Na kweli Naibu Waziri alikuja, mwezi wa tisa. Akapiga pampu mpaka akavua koti. Ikatoa upepo. Wakateremsha kamba yenye jiwe, wakaipima, mita thelathini na tatu, na kabla ya mvua wachimbaji walirudishwa wakachimba upya. Safari hii Bibi aliketi kando ya shimo kwenye kigoda chake, akihesabu kwa sauti kila bomba lililoshuka. Hakuna aliyethubutu kumwambia aende nyumbani.

Maji yalipotoka katikati ya ukame, miguu ikaanza kuniwasha tena. Nikafunga kiroba, nikaondoka. Saa kumi alasiri nilifika Kwihara, kwenye njia ile ya zamani ya misafara, nikabisha hodi nyumba moja kuomba hifadhi. Baba mwenye nyumba alikuwa barazani anawasimulia jirani zake habari za Goweko. "Waliteremsha mabomba matatu tu!" alikuwa anasema. "Matatu!"

"Samahani, baba, shikamoo," nikasema. "Ni kumi na moja. Niliwauliza waliobeba."

Wakageuka, wakanitazama mimi na kiroba changu. Mke wake akatoka ndani na kata ya maji. "Huyu mpeni chumba," alisema. "Walau kutakuwa na mtu mmoja wa kuaminiwa humu."

Ukurasa ule uliochanwa ninao mpaka leo, umekuwa laini kama kitambaa. Siku hizi habari inakufikia mkononi ikiwa imeshapikwa, unaituma mbele kabla hujaitafuna. Mwanangu, serikali ihoji, usiogope cheo cha mtu. Ila kwanza muulize anayeubeba mzigo wenyewe, hata kama hakuna aliyezoea kumuuliza. Na ukigundua umekosea, panda lori kabla usiku haujakuingilia, ukaseme umekosea.

Mungu akupe masikio kabla ya mdomo, na kila mlango utakaoubisha, akutolee mtu mwenye kata ya maji.