Majina Mawili Getini

Nina kichwa kigumu, na sikatai. Miaka ya tisini nilikuwa karani wa kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, nikitembea kila asubuhi kutoka Mbotela. Orodha ya vibarua ilikuwa mikononi mwangu. Niliandika programu ndogo iliyoinakili hadi kwenye klipbodi, ile sehemu ya kompyuta inayokushikia kitu mpaka ukibandike kwingine. Nikabandika kwenye jedwali, nikachapisha, soja akasoma getini: jina, idara. Asiye na idara hakuingia.

Mama mmoja wa Mukuru kwa Njenga, mpakiaji sabuni, akarudishwa siku mbili mfululizo. Ya tatu angefutwa kabisa.

Kuangalia karatasi, kumbe kosa ni langu. Programu ilitenganisha kila neno kwa nafasi tupu, nami nilihesabia kila mtu majina matatu, kama tunavyoandikwa kwetu magharibi: la ubatizo, la kuzaliwa, la baba. Yeye alikuwa na mawili tu. Idara yake ikaingia mahali pa jina la tatu, pake pakabaki patupu. Kumwandikia idara kwa kalamu kulikatazwa, maana kalamu ilishaingiza mabinamu wa watu wengi.

"Si aongeze jina la bwana yake," supavaiza akasema. Nikampelekea ujumbe getini.

"Yule aliniacha na watoto wanne," akanijibu. "Jina lake sibebi tena, hata kwa karatasi."

Niliona aibu, halafu nikapandwa na hasira. Nikamwambia supavaiza mashine ndiyo itabadilika, si yule mama. Akanipa mpaka saa kumi jioni.

Kati ya jina na idara, badala ya nafasi tupu, nikaweka alama ya Tab, inayoliambia jedwali kwamba safu imeishia hapo. Jaribio la kwanza, kila kitu kilirundikana safu moja. La pili, klipbodi ikanitemea barua ya jana. Chai ikapoa, sikuinuka. Saa tisa na nusu majina mawili yakatulia kwenye safu moja, idara ikakaa pake.

Asubuhi soja akamsoma, akamfungulia. Mama akaomba kwanza aione karatasi. Akapitisha kidole chini ya mstari wake, polepole, mpaka mwisho.

"Yule hayuko," akasema, akaingia kazini.